Jibu: Asiye na la kuficha anapoteza nini?
Ndugu, umeuliza mwananchi asiye na la kuficha anapata hasara gani serikali inapozembea na taarifa zake binafsi. Hasara ni kubwa, na mara nyingi haifutiki. Mwaka 2015 Marekani ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameiba kumbukumbu za watu milioni 21.5 kutoka ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu, zikiwemo alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6. Nywila iliyoibwa hubadilishwa siku hiyo hiyo, lakini kidole hakibadilishwi. Tena, kampuni usiyoiamini unaihama, ilhali serikali hukulazimisha kisheria kuikabidhi taarifa hizo. Mimi ningeidai kwanza ikusanye zile tu inazozihitaji, izifute kazi ikiisha, na itujulishe mara zinapovuja.