Roki yenye ladha nyingi: ninavyoisikiliza albamu ya kwanza ya Vampire Weekend

Ukiletewa albamu ya roki ukakuta ndani yake vayolini, panki (roki ya kasi na fujo) na gitaa la Kikongo, usijisumbue kuuliza huu ni muziki wa aina gani. Fuata ngoma kwanza. Albamu ya kwanza ya Vampire Weekend, iliyotoka Januari 2008, ndiyo ninayomwekea yeyote anayeniambia roki ni makelele tu.

Walikuwa vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na albamu yao ikatolewa na XL Recordings, lebo huru ya London. Mpiga kinanda wao wa wakati huo, Rostam Batmanglij, ndiye aliyeitayarisha albamu. Nyimbo ni 11, dakika kama 34, kwa hiyo huna kisingizio cha kurukaruka. (Ule wa "One (Blake's Got a New Face)", wa kuitikiana, bado unanichosha, lakini nauvumilia.)

Vaa spika za masikioni, uchague chombo kimoja ukifuate mwanzo hadi mwisho. Kwenye "Mansard Roof" ngoma zinakimbia huku kinanda kimetulia kabisa. "M79", wenye jina la basi linalokatiza Manhattan kwa mtaa wa 79, una vayolini za kiungwana ambazo hukutegemea kuzikuta kwenye roki.

Halafu ufike "Cape Cod Kwassa Kwassa". Hapa sisi tuna bahati. Aliyekua akimsikia Kanda Bongo Man, Mkongo wa kwasa kwasa, redioni atalijua gitaa lile papo hapo: la juu, safi, linadonoadonoa. Utakaa ukingoja sebene, pale gitaa linaposhika kasi watu wacheze, kiuno kiko tayari, na sebene haiji. Wimbo unabaki na mwendo uleule hadi unakwisha. Usiupime kwa kipimo cha Kinshasa. Maneno yake yanahusu watoto wa wenye nacho na starehe zao za pwani ya Massachusetts, na kwa masikio yangu hiyo ni kwasa kwasa ya watu wasiotoka jasho. Imewakaa vizuri.

Wapo wanaosema hawa jamaa wameiba muziki wa Kiafrika. Mimi naona jina la kwasa kwasa wameliweka wazi kwenye kichwa cha wimbo, na wao wenyewe waliuita muziki wao, kwa utani, "Upper West Side Soweto", yaani mtaa wa New York umeunganishwa na Soweto ya Afrika Kusini. Lakini usinitegemee mimi. Albamu ikiisha, mweke Kanda Bongo Man hapohapo, sauti juu, kisha uamue. Meza isogezwe kabisa kabla hujabonyeza.