Swali la ramani linamwangusha

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha tatu. Kidato cha kwanza jiografia ilikuwa rahisi kwake. Sasa swali la kusoma ramani linamwangusha kila mtihani. Tatizo nini? Mzazi, Morogoro

JIBU: Mwanzoni alikuwa anataja vitu tu: pande za dunia, alama, majina ya milima. Sasa anatakiwa kupima na kueleza, na hapo kukariri hakusaidii.

Mpe ramani ya 1:50,000. Sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Barabara iliyopinda alaze uzi juu yake, afuate kila kona, kisha anyooshe uzi kwenye rula: sentimita 13 ni kilomita 6.5. Eneo ndilo linalowaponza wengi. Mraba wa sentimita 2 kwa 2 ni kilomita 1 ya mraba, kwa hiyo sentimita za mraba zinagawanywa kwa 4, si kwa 2.

Kwenye namba za gridi, yaani za mistari ya miraba inayoonyesha mahali, aanze na zinazosomwa chini ya ramani, ndipo za pembeni. Akigeuza, ameshaenda kijiji kingine.

Kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, ndizo huchelewa kuiva. Mistari ikipinda kama V na ncha ikielekea namba kubwa za kimo, ni bonde, hata kama hakuna mto wa bluu. Ikielekea namba ndogo, ni mgongo wa mlima. Afinyange kilima cha udongo, akikate tabaka za unene sawa, achore ukingo wa kila tabaka kwenye karatasi moja. Penye mteremko mkali mistari itabanana, penye ubapa itaachana.