Maswali ya Wasomaji: Kuuza Kitabu cha Barafu Chini ya Mlima

SWALI: Shikamooni wahariri. Nimeandika kitabu kuhusu mchezo wa kuteleza kwenye barafu kama unavyoonekana kwenye runinga, tangu enzi ambazo alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0 hadi sasa. Nimechapa nakala 300, kila moja imenigharimu shilingi 6,000, nami nauza 15,000. Redio moja imenipa dakika kumi, maktaba wamenipa Jumamosi asubuhi, na duka moja la Arusha linataka nakala 40. Ila kila ninayemweleza anacheka: barafu, Moshi? Nianzie wapi?
Mwandishi, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Acha kwanza kuitetea barafu. Mnunuzi wako hatafuti viatu vya kutelezea. Ni mtu aliyekaa mbele ya runinga, akamwona binti anazunguka hewani na kutua vizuri, kisha alama zikatoka ndogo asijue kwa nini. Watu hao wapo, Moshi na Arusha. Mfundishe kitu kimoja cha kutazama kabla hujamtajia bei.

Tungechagua mruko wa Axel. Ndio pekee ambao mchezaji huondoka akitazama mbele; mingine mitano (tolupu, Salchow, lupu, flipu na Lutz) huanza kinyumenyume. Kutua ni kinyumenyume kwa yote, kwa hiyo Axel huwa na nusu mzunguko wa ziada: ya mara tatu ni mizunguko mitatu na nusu. Ndiyo maana thamani yake ya kuanzia ni alama 8.00 wakati tolupu ya mara tatu ni 4.20.

Pale maktaba, bandika mkanda wa karatasi sakafuni na umwombe kijana asimame juu yake akitazama dirisha. Aruke, atue akiwa ameligeuzia dirisha mgongo. Hiyo ndiyo nusu yenyewe, na kila aliyepo ameiona. Ishia hapo. Ukimwambia azunguke mzima kwenye sakafu ya saruji, tena na kandambili, utaishia kutafuta bodaboda wa kumpeleka hospitali.

Usiwaonyeshe vipande ulivyorekodi kutoka kwenye king'amuzi. Picha za mashindano zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda matangazo pia. Michoro ya mkono inatosha, na mara nyingi inaeleweka haraka zaidi. Kama jalada lina pete tano za Olimpiki, lifunike leo kwa stika. Nembo hiyo haitumiki bila ruhusa.

Redioni, dakika kumi ni sita ukitoa salamu na matangazo. Andika mambo matatu tu kwenye kadi. Mtangazaji atauliza mbona Kibo kuna barafu na hatutelezi. Jibu kwa sentensi moja kwamba uwanja kamili ni mita 60 kwa 30, ulio tambarare, na barafu yake hugandishwa na mabomba ya ubaridi yaliyo chini yake, kisha songa mbele. Usianze na Waingereza Torvill na Dean kwenye Olimpiki ya Sarajevo 1984, hata kama ndiyo sura unayoipenda. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo wasikilizaji wako wengi hawakuuona usiku ule, na hutawakumbusha wasichokiona. Anza na Olimpiki ya Salt Lake City 2002: mwamuzi kutoka Ufaransa alisema alishinikizwa kuwapa Warusi ushindi, Wakanada Salé na Pelletier wakaongezewa dhahabu siku chache baadaye, na kufikia 2004 shirikisho la kimataifa likawa limeidhinisha utaratibu mpya wa alama badala ya ule wa 6.0. Rushwa na upendeleo wa waamuzi ni jambo ambalo shabiki yeyote wa mpira analielewa bila mkalimani.

Atakuvuta pia kwenye kisa cha Nancy Kerrigan, mtelezaji wa Marekani aliyepigwa mguuni huko Detroit tarehe 6 Januari 1994. Hapo chunga ulimi. Mpinzani wake, Tonya Harding, alikiri kosa la kula njama ya kukwamisha uendeshaji wa mashtaka. Hakukiri kupanga shambulio. Sema hivyo hivyo. Ongeza kwamba Kerrigan alipona akapata fedha kwenye Olimpiki ya Lillehammer, na dhahabu ikaenda kwa Oksana Baiul wa Ukraine, jambo ambalo wengi hulisahau.

Sasa duka. Watakuomba mali kauli, nao wakikata asilimia 35 unabaki na 9,750; toa gharama ya uchapaji, faida ni 3,750, na nauli ya kifurushi kwenye basi bado hujaitoa. Nakala 40 ni 240,000 yako imelala kwenye rafu ya mtu. Peleka 15 kwanza. Hati ya makabidhiano iandike idadi, bei, asilimia, tarehe ya kufanya hesabu, na nani anabeba hasara ya nakala iliyochakaa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachoachwa, na ndicho kinacholeta ugomvi.

SWALI: Pembeni ya runinga kuna visanduku vya kijani na vyekundu, na jumla hubadilika hata baada ya mchezaji kumaliza. Nani anabadilisha?
Msomaji, Kaloleni, Arusha

JIBU: Jopo la ufundi. Kila kipengele kina thamani ya kuanzia, na waamuzi huongeza au kupunguza kwa ngazi kutoka -5 hadi +5, kila ngazi ikiwa asilimia 10 ya thamani hiyo. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, zinazobaki hupigwa wastani. Kijani ni kipengele kilichoongezewa, chekundu kilichopunguziwa, cha njano ni kinachorudiwa kwenye video. Hapo ndipo jumla hushuka: jopo likiona mzunguko umepungukiwa, mruko hupoteza thamani ingawa mchezaji hakuanguka. Tazama wembe wa kiatu unapogusa barafu. Wembe ukiendelea kujizungusha pale pale chini, jua kisanduku kiko matatani.

SWALI: Nina duka la vitabu Arusha. Niagize vitabu vya mchezo huu mwezi gani?

JIBU: Mwishoni mwa Septemba. Mfululizo wa mashindano yake ya Grand Prix huanza Oktoba, fainali yake ni Desemba, na ubingwa wa dunia kwa kawaida ni Machi. Bandika ratiba dukani kwa saa zetu: mashindano ya saa moja usiku Ulaya ya kati wakati wa baridi yanatufikia saa tatu usiku, ya Japani saa hiyo hiyo yanatufikia saa saba mchana, wakati duka liko wazi na runinga yako inaweza kuwa imewashwa.