Mbawakawa wa majani: usimwamini kwa jani alilokalia

Ndugu uliyeuliza kutoka Kisumu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una picha kama arobaini ulizopiga Kibos na kando ya ziwa, programu ya simu inakutajia Chrysomelidae, yaani familia ya mbawakawa wa majani, kisha inanyamaza, nawe unataka kujua kila mmoja ni nani na anakula mmea gani. Mimi nina kishamba upande wa Maseno na nimewafuatilia wadudu hawa miaka kadhaa. Si kazi yangu, ni ugonjwa tu.

Simu usiilaumu. Familia hiyo ina spishi zaidi ya 30,000 zilizokwisha kupewa majina, na wengi wao huwezi kuwatenganisha kwa picha ya mgongo peke yake. Kinachosaidia kuliko rangi ni mmea, kwa sababu wengi wa hawa hawali kila kitu. Kila mmoja ana ukoo wake wa mimea. Ila lazima uwe na hakika kwamba anaula huo mmea. Hapo ndipo nilipoumbuka.

Misimu miwili niliandika daftarini "rangi ya chungwa, milimita 6, mahindi". Nilikuwa nawakuta asubuhi juu ya majani ya mahindi, wengi, mvua za masika zikianza. Siku moja mama jirani akapita, akaniona nimeinama na lenzi. Akacheka. "Mwalimu, huyo amepanda kuota jua tu. Chakula chake kiko chini." Nikatazama chini: kunde zangu, nilizozichanganya na mahindi, zilikuwa zimetobolewa kama chujio. Alikuwa Ootheca. Mdudu mzima anatoboa majani ya kunde na maharagwe, mabuu yake yako udongoni yanakula mizizi. Tena kuna spishi yake, mutabilis, yenye wadudu wa rangi ya chungwa na wengine weusi kabisa, nami nilikuwa nimewahesabu kama aina mbili tofauti. Kwa hiyo makosa mawili katika mstari mmoja.

Tangu siku hiyo siandiki mmea mpaka nimwone mdomo ukifanya kazi. Nikishindwa kumwona, namtia kwenye kikopo cha plastiki chenye kipande cha tishu yenye unyevu kidogo, na majani mawili: la mmea niliomkuta juu yake, na la jirani yake. Kesho yake naangalia lipi limeliwa na kinyesi kiko wapi. Usimpe jani moja tu, maana mdudu mwenye njaa aliyefungiwa anaweza kuonja hata asichokipenda. Na unapomkamata, tanguliza kikopo chini ya jani ndipo uguse juu. Wengi wakihisi kivuli hukunja miguu na kujiangusha, na kwenye nyasi huwapati tena. Alfajiri, kabla jua halijawapasha moto, ni wazito na wanakamatika.

Sasa anza na rahisi. Tafuta shamba la viazi vitamu, au ule mtambaazi wa uzio wenye maua ya zambarau na jani lililogawanyika kama vidole, Ipomoea cairica. Viazi na mtambaazi huo ni jenasi moja, na mbawakawa wenye umbo la kobe, Aspidimorpha, wanawala hao ndugu. Ukingo wa gamba lake unapitisha mwanga kama kioo na katikati anang'aa dhahabu. Wa kwanza nilimkausha juu ya pamba nikimwona kama pete. Dhahabu yote ikaondoka, akabaki rangi ya chai. Ule mng'ao unategemea unyevu ulio ndani ya tabaka za gamba, kwa hiyo mpige picha akiwa hai. Geuza na jani: buu lake lina miiba ubavuni, na mkiani limebeba furushi la kinyesi na ngozi zake kuukuu. Liguse kwa njiti uone linavyoliinua furushi hilo kama mwavuli. Hakuna haja ya mtaalamu hapo.

Wa pili wako bustanini kwako. Kwenye mboga ya saga (mgagani), au dek kama mnavyoita huko, utakuta vitobo vidogo vidogo, na ukisogeza kidole vidudu vyeusi vinaruka kama viroboto. Tazama paja la nyuma, limevimba. Hiyo ndiyo alama yao. Hao ni Phyllotreta, nao hupenda saga na sukuma wiki pia, kwani mimea hiyo ina ukali ule ule unaofanana na haradali.

Picha zako za gugu maji pale Dunga, zile za mdudu mwenye pua ndefu, ziondoe kwenye orodha. Hao ni fukusi wa Neochetina, wa familia nyingine, walioachiliwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 ili wapunguze gugu hilo. Ile mikwaruzo majanini ni kazi yao. Lakini wale wanaotoboa kunde zako ghalani, ambao sote tunawaita fukusi, ni Chrysomelidae halisi. Hilo lilinichukua muda kulikubali.

Ukienda msitu wa Kakamega piga picha tu, kukusanya kunahitaji kibali. Piga mgongo, ubavu, uso na vipapasio, weka rula kando, halafu piga ua na tunda la mmea, maana jani peke yake linadanganya.

Yule wako mwekundu wa madoadoa kwenye mtunguja (ochok) simwamini. Ni mviringo mno, na kwa picha naona kama ana vinyweleo. Rudi umtazame vipapasio: vikiwa vifupi vyenye kirungu nchani, basi ni Epilachna, ndugu wa wale mbawakawa wa mviringo wanaokula vidukari, ila yeye anakula majani. Vikiwa virefu kama uzi, weka picha hapa tuendelee.