Mbunifu wa kiolesura aingie kazini lini?

Dada, umeuliza kama ni kawaida mbunifu wa kiolesura, yaani anayepanga skrini ambazo mtumiaji huziona na kuzigusa, kuitwa wiki ya mwisho, programu ikiwa imeshaandikwa, na kuambiwa "ipendezeshe tu". Hutokea sana, lakini si sahihi, na usikubali izoeleke.

Kazi yako inaanza kabla ya rangi. Wewe ndiye wa kuuliza mtumiaji ni nani, ana simu ya aina gani, na mtandao ukikatika katikati ya malipo ataona nini. Hilo la mwisho ndilo husahaulika: skrini ya kosa, skrini tupu, skrini inayosubiri. Developa, yule anayeandika programu, asipopata majibu hayo kwako atayabuni mwenyewe usiku wa manane, na mteja ataonyeshwa "Kosa 500" huku hela imeshakatwa. Inaniuma kila nikiona hivyo, maana anayeumia ni mtu asiyejua ampigie nani.

Omba kuwemo kwenye kikao cha kupanga kazi. Wakikunyima, tafuta watumiaji watano, mmoja mmoja, wape jambo halisi la kufanya, nyamaza, andika wanapokwama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Mwalike meneja wako akae pembeni atazame.

Na developa usimkimbie. Chora kwa penseli, mwonyeshe kabla hujafungua Figma, ile programu ya kuchorea skrini. Atakuambia lipi ni la saa moja na lipi ni la mwezi mzima.