Mwacheni mama akune nazi

Mama yangu amevuka miaka 70, anaishi kwake Tanga, na nazi ya wali anaikuna mwenyewe. Anakalia mbuzi yake ya kizamani, magoti juu, na akimaliza anainuka na bakuli lake mkononi. Wadogo zangu walimnunulia blenda ili "apumzike". Blenda iko kabatini, na mimi niko upande wa mbuzi.

Misuli huanza kupungua taratibu mtu akiwa bado kijana wa makamo, na akivuka 60 kasi inaongezeka. Ya mapaja ndiyo inayoamua kama mzee atatoka kitandani, atatumia choo cha kuchuchumaa na kupanda daladala bila kushikwa mkono. Anayekaa chini na kuinuka mara kadhaa kwa siku anaitumikisha misuli hiyo hiyo, hata kama hajui neno mazoezi. Sisi watoto, kwa heshima na mapenzi, tunamwondolea hata hilo. "Mama kaa tu, tutafanya sisi." Anakaa, mwaka unapita, halafu tunaulizana mbona siku hizi hainuki bila kushika ukuta.

Kama kwenu hakuna mbuzi, kiti kinatosha. Kisiwe cha plastiki kinachoteleza, na kiegemezwe ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, ainuke, kisha arudi kukaa polepole. Huko kushuka polepole ndiko kwenye kazi yenyewe, asijiangushe kitini. Akishindwa, aanze kwa kushika meza. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba angalau siku 3 kwa wiki, mbali na angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani kama kutembea kwa haraka. Dakika hizo mama anazimaliza kwa safari za sokoni na misibani, na misiba mtaani kwetu haikauki.

Goti likivimba au likiuma sana, apelekwe hospitali. "Ni uzee tu" si jibu.

Kwenye chakula nina ugomvi na chai. Wazee wengi asubuhi ni chai ya rangi na andazi, jioni uji mtupu, na misuli haijengwi kwa uji mtupu. Dagaa, kunde, mayai, maziwa: kimojawapo kiwepo kila mlo. Kama meno yamekwisha, dagaa wasagwe watiwe kwenye mchuzi, na kunde zichemke mpaka zilainike.

Halafu usiku. Mzee anaamka kwenda kukojoa, anasimama ghafla, presha inashuka, kizunguzungu, chini. Anayemeza vidonge vya presha yuko hatarini zaidi. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo asimame. Kizunguzungu kikijirudia, daktari aziangalie dawa; mzee asijipunguzie mwenyewe. Taa iwe mahali anapoifikia bila kutembea gizani, na mikeka iliyojikunja pembe iondolewe njiani.

Na ndala zilizolika soli zitupwe. Mama alizing'ang'ania zake, eti zimeshamzoea. Nilimnunulia viatu vya kufunga nyuma, akavinunia wiki nzima. Sasa anavivaa, ila akiwa na wageni anasema ni vyangu.