Leza haikuniponya skleroderma, lakini mdomo wangu sasa unafunguka

Tangu niweke ile picha ninayocheka mpaka magego yanaonekana, ujumbe hauishi. Wa karibuni umetoka kwa dada mmoja: "Nami nina skleroderma, dada. Hiyo leza imekuponya?" Najibu hapa ili wote msome. Haijaniponya. Na nikiambiwa nirudie kesho, naenda.

Wenye ugonjwa huu mnaujua. Kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, inatengenezwa kupita kiasi, ngozi inakuwa ngumu, inang'aa, inabana. Kwangu ulianzia kwenye vidole, vikawa vinageuka vyeupe kisha bluu kila nikiguswa na baridi, hali inayoitwa Raynaud, halafu ukapanda mikononi mpaka usoni. Watu wanakuonea huruma kwa mikono. Mdomo hawauoni. Wangu ulinywea, ukazungukwa na mikunjo ya wima, nikaacha kijiko cha mezani nikawa nakula kwa kijiko cha chai. Mtu mzima kwa kawaida hufungua mdomo kama milimita 40 hadi 50 kati ya meno ya juu na ya chini. Mimi daktari wa meno alikuwa akiingiza kioo chake, kidole hakipati pa kupita. Gego lililooza likabaki humo humo.

Kabla sijampata daktari wa ngozi niliyemwamini, nilipitia kliniki moja ya urembo. Hao waliniambia leza "itayeyusha" ugumu mwili mzima na vidonge nitaviacha. Nikauliza, ugonjwa huu unaingia mpaka mapafuni, huo mwanga utafikaje huko? Nikapewa karatasi ya bei. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, maana najua si wote wanaouliza.

Daktari wa ngozi alinieleza kwa lugha nyepesi. Kila leza ina kitu inachokilenga. Ile ya nanomita 595 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) inanyonywa na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, kwa hiyo inafaa vile vijishipa vyekundu vinavyotutokea usoni. Ukitoka hapo unaweza kukaa na alama za zambarau wiki moja au mbili. Ile ya eksima, nanomita 308, ni urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, na hutumiwa kwenye mabaka ya mofea, yaani skleroderma ya ngozi peke yake. Ya kaboni dioksaidi inanyonywa na maji yaliyomo kwenye ngozi. Inatoboa vitundu vidogo sana na kuacha ngozi isiyoguswa katikati yake, kidonda kinapopona kolajeni inajipanga upya na ngozi inalegea. Hiyo ndiyo iliyofanywa kuzunguka mdomo wangu. Aliniambia pia kwamba wagonjwa wa skleroderma waliofanyiwa hivyo na kuandikwa kwenye majarida ni wachache, nami nikakubali nikijua hivyo. (Wengine mnaniuliza pia kuhusu UVA1. Hiyo si leza, ni taa ya urujuanimno, na kwa ugumu ulioenea sehemu kubwa, kati ya tiba za mwanga, ndiyo ya kuulizia kwanza.)

Siku yenyewe nilipakwa krimu ya ganzi, nikavalishwa miwani ya chuma. Ganzi inasaidia, haimalizi. Mashine inalia tik, tik, na kila tik ni kama cheche ya mafuta ya kikaango. Kilichonishtua zaidi ni harufu ya vinywele kuungua chini ya pua yangu mwenyewe. Nilipopewa kioo nikaona nukta zimepangwa safu kwa safu kuzunguka midomo. Uvimbe na magamba yaliyofuata nayaruka, hayana hadithi.

Baada ya duru chache gego liling'olewa. Wengine wanashangilia harusi, mimi nilishangilia gego! Lakini sikukaa tu kusubiri mashine. Kila asubuhi na jioni natia vidole gumba kwenye pembe za mdomo na kuvuta, mpaka leo. Ukiacha mazoezi, mdomo unarudi kubana. Nasema tena: ukiacha mazoezi, mdomo unarudi kubana.

Mwenye ngozi nyeusi ana la kuangalia zaidi. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, nayo inanyonya mwanga wa baadhi ya leza, na leza yoyote ikipigwa kwa nguvu isiyofaa inaweza kuacha doa jeusi au jeupe. Dai jaribio sehemu ndogo iliyojificha, usubiri wiki kadhaa uone. Anayekataa kukujaribu ana haraka ya pesa yako. Na kabla hujalala kwenye kile kitanda uliza: hii inalenga nini kwangu? Vijishipa, baka, au mdomo? Akishindwa kutaja kimoja, hajui anachofanya.

Tupende tusipende, ugonjwa huu hauishii kwenye ngozi. Mapafu yanapimwa, moyo unapimwa, na shinikizo la damu lipime mwenyewe nyumbani, kwa sababu likipanda ghafla huenda figo zimeshambuliwa na hospitali ni siku hiyo hiyo. Dawa zipo za kukabiliana na hayo, na leza haichukui nafasi ya hata moja. Ukiambiwa uache vidonge kwa sababu umeanza leza, chukua mkoba wako uondoke.